Chombo cha Ilimu na Wenye Ilimu: Uchambuzi Kutoka Mvita

Mtu apitaye Ndia Kuu ya Mombasa asubuhi, akakatia Kibokoni, kisha akaendelea mpaka Kilindini, atakuwa amepita kando ya hazina kubwa za ilimu asizoziona kwa macho yake: fundi ajuaye ni chokaa gani ishikanayo na jiwe la matumbawe na ni ipi itakayobanduka masika ya kwanza, karani wa uwakala wa forodha ajuaye, kabla hajaisoma hati mpaka mwisho, ni mstari upi utakaomchelewesha mteja wake, bibi ajuaye nyumba fulani iliwekwa wakfu na nani na kwa sharti gani. Ilimu hii aghalabu haikuandikwa popote, au imeandikwa vipande vipande katika madaftari ambayo mwenyewe tu ndiye awezaye kuyasoma, na siku mwenyewe anapostaafu, au anapoitwa na Mola wake, ofisi au familia hugundua kwamba sehemu kubwa ya iliyokuwa ikiitwa kazi yao ilikuwa ni kumbukumbu ya mtu mmoja. Kwa khofu ya hasara hiyo, mashirika mengi ya mji huu, ya serikali na ya watu binafsi, yameingiza programu za kompyuta za kukusanyia maarifa ya wafanyakazi mahali pamoja. Na katika mengi ya mashirika hayo chombo hupokelewa kwa shangwe, kikafundishwa kwa siku chache, kisha kikaachwa, na watu wakarejea kwenye daftari na kuulizana mdomo kwa mdomo.

Lawama ya jambo hili hutupiwa watu. Husemwa kwamba wazee hawapendi mapya, kwamba makarani wana choyo cha ilimu, kwamba vijana hawana subira ya kuandika. Mimi siridhiki na lawama hiyo, madhali mji huu una tarikhi ndefu ya kupokea vyombo vipya vya kuhifadhia ilimu, na mwenye kuitazama tarikhi hiyo kwa utulivu ataona kuwa watu wale wale waliokipokea chombo kimoja kwa hamu walikipa kisogo kingine kilichokuja katika zama zao hizo hizo. Nionavyo, linaloamua si upya wa chombo wala ugumu wake, bali ni hali ya mwenye ilimu baada ya chombo kuingia: je, atabaki kuwa ndiye aulizwaye na ndiye asahihishaye, au ilimu yake itachukuliwa na yeye mwenyewe aachwe nje ya mlango?

Ushahidi wa kwanza ni mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita aliyefariki mwaka 1840. Mashairi yale hayakuwa tumbuizo tu; yalikuwa sijili ya siasa za mji, yakieleza uhasama baina ya Wamazrui waliotawala Mombasa na Seyyid Said, sultani wa Omani na Unguja, aliyeutaka mji uwe chini yake, na ndani yake mna majina, visa, vijembe na hoja ambazo hazikuandikwa na karani yeyote wa zama zile. Yalikaa vifuani mwa watu kwa miaka mingi. Kisha akatokea Mwalimu Sikujua bin Abdalla al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, mtu wa Mombasa mwenye ilimu ya lugha na ushairi, akayakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu pamoja na maelezo ya maneno na ya visa; na William Taylor, mmisionari Mwingereza aliyeishi Mombasa, akayapokea na kuyahamishia katika herufi za Kirumi.

Yafaa tuutazame mpango huu kwa makini, kwa sababu ndani yake mna siri ya kufaulu na siri ya kutofaulu kwa pamoja. Sikujua hakutakiwa kwanza ajifunze chombo cha mgeni ndipo ilimu yake ihesabiwe kuwa ilimu. Aliandika kwa mkono wake, kwa herufi alizozizoea tangu chuoni, na udhia wa kuvuka kutoka khati moja kwenda nyingine akaubeba yule aliyeitaka ilimu ile. Wala hakuwa mtu wa kuulizwa na kuachwa: neno lilipokuwa na utata, sherehe yake ndiyo iliyofuatwa, na jina lake limebaki limefungamana na mashairi yale hata leo. Hiyo ndiyo sehemu iliyofaulu. Walakini karatasi zenyewe zilisafiri kwenda London, zikahifadhiwa katika chuo cha taaluma za Mashariki na Afrika, na diwani ya kwanza ilipochapishwa na William Hichens mwaka 1940, ilichapishwa Johannesburg. Ikawa watu wa Mombasa, ambao wazee wao ndio waliotoa mashairi hayo kutoka vifuani mwao, walikuwa mbali na hazina waliyoitoa wenyewe. Ilipofika mwaka 1979 ndipo Profesa Mohamed Abdulaziz, mzaliwa wa Mombasa, alipotoa kitabu chake juu ya Muyaka hapa Kenya. Ndivyo iwavyo: watu huombwa watie ilimu yao katika chombo, na wakishaitia hujikuta hawana ufunguo wa kukifungulia. Ni nani atakayeombwa mara ya pili akakubali?

Mfano wa pili ni wa khati na wa chapa, nao una mafunzo makali zaidi. Mwaka 1928 ulifanywa hapa hapa Mombasa mkutano wa nchi za Afrika ya Mashariki, na katika mkutano huo lahaja ya Unguja ikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu badala ya Kimvita, lahaja ya Mombasa. Na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi yake ya kusanifisha maandishi kwa herufi za Kirumi. Mwaka huo huo wa 1930, Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kutoa gazeti lake dogo, As-Sahifa, na mwaka 1932 akalifuatisha na Al-Islah. Basi katika mji mmoja na katika miaka ile ile vyombo viwili vipya viliingia. Gazeti lilikuwa jambo geni, lakini lilizungumza na watu kwa lugha yao, likatumia herufi walizozisoma kwa mwalimu wao wa chuoni, na Sheikh akajishughulisha kuzitengeneza herufi za Kiarabu ziweze kubeba sauti za Kiswahili zisizokuwamo katika Kiarabu. Usanifishaji nao ulikuwa na faida zake kubwa, wala hakuna mwenye insafu awezaye kuzikanusha, kwani ndio uliowezesha mtu wa Mombasa na mtu wa Kigoma kusoma kitabu kimoja. Ila kwa namna ulivyoingia, watu waliokuwa wakiandikiana barua, hesabu na mikataba kwa khati yao tangu ujana wao walijikuta wakihesabiwa na shule na ofisi za serikali katika kundi la wasiojua kusoma. Athari ya jambo hilo haikuwa ya hisia peke yake. Barua zao, nasaba zao na hati zao zilibaki katika masanduku, kwa sababu vijana waliotoka shule mpya hawakuweza kuzisoma, na wazee walioweza kuzisoma hawakuulizwa.

Mahali pengine hasara ilikuwa kubwa zaidi, maana iligusa ardhi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye kudai milki katika ukanda wa pwani alete dai lake mbele ya msajili, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya mfalme wa Uingereza. Kwa mtu aliyeketi ofisini hiyo ilionekana kuwa tadbiri nzuri: maarifa yote ya mipaka na milki yakusanywe katika daftari moja, kwa muda maalumu, kwa utaratibu mmoja. Lakini ilimu ya ardhi hapa pwani ilikuwa katika ushahidi wa majirani, katika minazi na miembe iliyopandwa na mababu, katika haki za ukoo ambazo hazikuwa na mwenyewe mmoja wa kutia sahihi. Wenye hati za maandishi na wenye kuujua mlango wa serikali waliandikisha; wengi wa Mijikenda, na Waswahili wasiopata habari kwa wakati, hawakuandikisha; na daftari likahesabu kutokuwamo kwao kuwa ni kutokuwa na haki. Suala la maskwota linaloisumbua pwani ya Kenya mpaka leo lina mzizi wake mmoja katika daftari lile. Ninaleta kisa hiki kizito katika uchambuzi wa jambo la ofisi kwa sababu kila mwenye kuunda chombo cha maarifa hufanya, kwa kiasi chake kidogo, lile alilolifanya msajili wa 1908: huchagua visanduku gani viwepo katika fomu, na lisilokuwa na kisanduku hufa.

Tuje sasa Kilindini. Bandari ya Mombasa ni mahali ambapo vyombo vya kompyuta havikuombwa vipendwe, viliamriwa. Mwaka 2008 Mamlaka ya Bandari ya Kenya iliingiza mfumo wa kuendesha kazi za bandarini uitwao KWATOS, na mwaka 2014 ukazinduliwa rasmi mfumo wa dirisha moja unaosimamiwa na shirika la serikali la KenTrade, ambao kwa njia yake wakala wa forodha hupeleka maombi ya vibali kwa idara mbalimbali bila ya kubeba faili kutoka mlango hadi mlango. Mwaka huo huo wa 2014 bandari ilipokea kwa mara ya kwanza zaidi ya kontena milioni 1 kwa kipimo cha futi 20, na hakuna daftari la mkono ambalo lingeweza kubeba wingi huo. Amri ilikuwa na haki yake. Yafaa tukiri kuwa kuna vyombo ambavyo haviwezi kuingia kwa khiari ya kila mmoja, kwa sababu mtu mmoja akibaki na karatasi humlazimisha na mwenziwe abaki nayo, na pale ambapo karatasi na kompyuta huendeshwa pamoja kwa muda mrefu, mfanyakazi hufanya kazi moja mara mbili, akachukia zaidi ile aliyoizoea kidogo.

Lakini amri ina mpaka wake, na hapa wasimamizi wengi hupotea njia. Mfumo wa bandari hujua kontena iko wapi, imelipiwa nini, imesubiri siku ngapi; haujui kwa nini karani mwenye miaka thelathini kazini huitenga hati fulani kando na kupiga simu kwanza. Habari za kontena huamrishwa, kwa sababu kontena haitoki bila ya kuandikwa. Ilimu ya karani haiamrishwi, kwa sababu akiificha hakuna atakayejua kuwa ameificha. Wataalamu wawili wa Kijapani, Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi, katika kitabu chao cha mwaka 1995, walisimulia jinsi kampuni ya Matsushita ilipotaka kuunda mashine ya kuokea mkate nyumbani ikashindwa kuupata ukandaji ulio sawa, mpaka mhandisi wake mmoja mwanamke alipokwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka, akautazama mkono wake na kuufuata, kisha akarudi kuwaeleza wenzake alichokiona. Mwokaji hakupewa fomu ajaze. Alifuatwa jikoni kwake.

Ndivyo alivyofanya pia, kwa njia ya kwetu, Ustadh Ahmad Sheikh Nabhany, aliyetoka Lamu na kuishi Mombasa. Katika utenzi wa Sambo ya Kiwandeo, uliochapwa Leiden mwaka 1979, alizitia habari za chombo cha baharini cha Lamu na namna kinavyoundwa, pamoja na majina ambayo mafundi wenyewe huyatumia. Angeweza kuandika orodha. Alichagua bahari ya ushairi, ambayo mtu wa pwani huihifadhi kwa sikio kabla hajajua kusoma, na kwa hivyo ilimu ikaingia katika chombo ambacho wapokeaji wake walikwisha kukizoea.

Kwa kuyaweka haya yote pamoja, sasa tunaweza kuzungumzia ofisi ya leo, na nitaichagua kazi niijuayo kuwa na haja kubwa ya chombo kama hiki: uhifadhi wa Mji wa Kale, mtaa uliotangazwa rasmi kuwa eneo la hifadhi, na jirani yake Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ikawa gereza tangu 1895 mpaka 1958, na mwaka 2011 ikaandikwa katika urithi wa dunia na UNESCO. Kila nyumba ya mtaa ule ina mambo yake: boriti za mikoko zilizowekwa lini, roshani ya nani iliyorekebishwa kwa mbao gani, saruji iliyopakwa juu ya chokaa ikazuia ukuta kupumua, mlango uliouzwa na kuletwa mwingine. Anayeyajua ni fundi, mkaguzi, mwenye nyumba na jirani, kila mmoja kwa fungu lake, na tuseme ofisi imepata programu ya kukusanyia mafungu haya.

La kwanza ambalo ningelitaka lifanywe ni kuanza na swali linaloumiza kazi kila wiki, si na ndoto ya kuandika kila kitu. Iwapo wakaguzi hupoteza siku nzima kutafuta nyumba fulani ilipewa kibali gani cha ujenzi, basi vibali vya mtaa mmoja, tuseme Kibokoni, viingizwe kikamilifu kwanza, ili mtu wa kwanza atakayekifungua chombo apate jibu la haja yake siku ile ile. Maana mfanyakazi huamua juu ya chombo katika mara zake chache za mwanzo, na akikuta ukumbi mtupu, harudi tena. Kisha kuandika kuwe ndani ya kazi yenyewe. Ripoti ya ukaguzi iandikwe humo humo, na ile ya karatasi ifutwe kwa tarehe iliyotangazwa na mkuu, naye mkuu mwenyewe, akitaka habari, aifungue pale badala ya kumwita karani amletee faili. Kwani mkuu anayeendelea kuulizia faili amekwisha kuwaambia wote, bila ya kusema, kwamba chombo kile si cha kweli.

Mpinzani mkubwa wa programu hii leo si daftari, bali ni kundi la WhatsApp. Katika ofisi nyingi za mji, ilimu yote hai ya kazi imo humo: picha ya ufa ukutani, sauti ya fundi akieleza kwa Kimvita chake, jibu la mkaguzi dakika mbili baadaye. Kulipiga marufuku ni kazi bure, nami naona ni dhulma pia, kwa sababu limewapa mafundi na makarani wa chini nafasi ya kusema ambayo fomu haikuwapa. Lakini ilimu iingiayo humo hufukiwa na salamu za Ijumaa na habari za mazishi, na simu ikipotea hupotea nayo. Basi awepo mtu mmoja, na hii iwe kazi yake iliyoandikwa wala si hisani, atakayeyachukua mazungumzo yale kila jioni, akaiokota sauti ya fundi na picha yake, akaiweka katika chombo chini ya nyumba inayohusika pamoja na jina la msemaji. Fundi asitakiwe kuandika. Jamii imemfundisha kuonyesha na kusema. Uandishi na ubebwe na aliyeajiriwa kwa uandishi, kama Taylor alivyobeba udhia wa khati mbele ya Sikujua. Na visanduku vya fomu viwe kwa Kiswahili cha kazi ile, ili mtu asiwe na haja ya kuuliza kila neno lina maana gani kabla hajasema analolijua.

Kuna khofu ambayo haitibiwi na mafunzo yoyote, nayo ni ya mtu kudhani kwamba akishaitoa ilimu yake hatahitajiwa tena. Khofu hii si upumbavu, kwani imetokea katika kazi nyingi duniani, na msimamizi anayeijibu kwa maneno matamu hupoteza imani ya watu. Jibu lake ni la vitendo. Mwenye ilimu apewe mamlaka juu ya sehemu yake katika chombo, asibadilishiwe neno bila ya kuulizwa; swali la kijana lipelekwe kwake kwanza, na jibu lihifadhiwe kwa jina lake; na asiyetaka kutoa siri fulani ya ufundi ambayo ndiyo riziki yake, asilazimishwe. Kadhalika tujiulize ni nani hasa tunayemhesabu kuwa mwenye ilimu. Katika nyumba za Mji wa Kale, habari za vyumba, za mirathi, za nani alikaa wapi na ukuta upi uliongezwa harusi ya nani, mara nyingi zimo kwa wanawake, na mkaguzi mwanamume abishaye hodi mchana hazungumzi nao vya kutosha. Ofisi ambayo haina mwanamke katika wakusanyaji wake itakuwa na daftari lililojaa na nusu ya mtaa haimo.

Linalobaki ni mali. Vyombo vingi vya namna hii huletwa na ufadhili wa miaka miwili au mitatu, na siku ufadhili unapokwisha hakuna alipaye ada ya mtandao, nywila zimebaki kwa mtaalamu aliyekwisha kuondoka, na yaliyotiwa hayawezi kutolewa. Kwa hivyo kabla ya fundi wa kwanza kuombwa sauti yake, mkataba ueleze kwamba yaliyomo ni ya ofisi na yanaweza kutolewa yote kwa namna isomekayo bila ya programu ile. Nakala iwekwe hapa kisiwani, mahali ambapo mwenye nyumba wa Kibokoni anaweza kuingia na kusoma yaliyoandikwa juu ya nyumba yake na kusema hapa mmekosea. Na mshahara wa yule mwandishi wa kila jioni utiwe katika bajeti ya kudumu tangu mwaka wa kwanza, katika ukurasa ule ule wa umeme na maji.